Mzazi Atafuta Nini Uwanjani?

Kila mwaka, mavuno ya mahindi yanapokaribia kwisha katika nyanda za juu za Ufipa na upepo wa kipupwe unapoanza kuwachapa watu nyuso, shule za msingi za Mkoa wa Rukwa huingia katika shughuli nyingine ya mavuno. Vijana huchujwa kutoka shule hadi kata, kutoka kata hadi tarafa, kisha wilaya, mpaka ipatikane timu ya mkoa itakayokwenda katika mashindano ya taifa ya Umoja wa Michezo na Taaluma kwa Shule za Msingi Tanzania, yaani UMITASHUMTA. Wenzao wa sekondari hupita njia hiyo hiyo katika UMISSETA. Mtoto wa Matai au Namanyere, ambaye pengine hajapata kuiona Mbeya, hujikuta ndani ya basi akivuka nchi nzima. Mwaka 2021 mashindano hayo yalipofanyika Mtwara, mtoto wa Rukwa alitoka kwenye mpaka wa magharibi wa nchi yetu akaenda kukomea kwenye bahari ya mashariki.

Ni jambo la kujivunia, wala hatuna nia ya kulitia doa. Lakini nyuma ya kila mtoto anayepanda basi lile yupo mzazi aliyekubali, au aliyemsukuma, au aliyeuza debe kadhaa za mahindi ili mtoto apate njumu. Leo tunapenda kumzungumzia mzazi huyo. Anatafuta nini uwanjani?

Msomaji wetu wa Unguja au Pemba huenda akajiuliza mambo ya Sumbawanga yanamhusu nini, hasa kwa kuwa michezo si jambo la Muungano na Visiwa vina Baraza lake la Taifa la Michezo. Jawabu letu ni kwamba mara nyingi mtu huiona vizuri zaidi kasoro ya nyumbani kwake anapoitazama kwa jirani. Ufipa ni mbali na miji mikubwa ya ligi. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam, kwa njia ya Tunduma na Mbeya, ni safari ya zaidi ya kilomita 1,100. Kwa umbali huo, tamaa ya mzazi huonekana bila pazia. Mzazi wa Kariakoo anaweza kusema kwamba mwanawe anacheza tu kwa kuwa kiwanja kiko jirani. Mzazi wa Laela anayempeleka mtoto wa miaka kumi na mitatu katika kituo cha kukuza vipaji huko Pwani hawezi kusema hivyo. Yeye ameamua.

Na kabla hatujaendelea, tuwaombe wale wanaolitaja jina la Sumbawanga kwa mzaha wa ushirikina waache mzaha huo. Wenyeji husema jina lenyewe maana yake ni kuutupa uchawi. Wafipa ni wakulima hodari, ambao tangu zamani walirutubisha ardhi yao kwa kufukia majani ndani ya matuta ya mviringo wanayoyaita intumba, bila kungoja mbolea ya dukani. Mkoa wao, uliozaliwa mwaka 1974, umehesabiwa kwa muda mrefu pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa ghala la mahindi la taifa. Watu wa namna hiyo hawaingizi mtaji mahali wasipotarajia mavuno, na hapo ndipo hoja yetu inapoanzia.

Wazee wanakumbuka kwamba hali haikuwa hivi. Katika miaka ya 1970 na 1980 mzazi wa kawaida, wa Bara na wa Visiwani, aliuogopa mpira. Mtoto aliyeonekana na mpira wa makaratasi aliambiwa ataishia kuwa mhuni. Michezo ilikuwa ya ridhaa, na mchezaji mashuhuri alishukuru akipata kazi ya ukarani katika shirika la umma. Filbert Bayi alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, taifa zima lilirukaruka kwa furaha, lakini ni wazazi wachache waliokwenda kumwamsha mtoto alfajiri akimbie ili apate utajiri. Utajiri haukuwapo. Kulikuwa na heshima, bendera na wimbo wa taifa. Hata Bayi mwenyewe alipostaafu mbio alijenga shule, na kwa maoni yetu hilo ni jibu la kutosha kwa anayedhani kwamba mwanamichezo wa wakati ule aliona miguu yake inatosha.

Leo mambo yamegeuka. Mwaka 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu lilitia sahihi mkataba wa miaka kumi wa haki za kuonyesha Ligi Kuu katika televisheni, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Vijana wenye umri wa miaka ishirini na kitu wanalipwa mishahara ambayo mwalimu wao wa darasa la saba hataiona maisha yake yote. Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala, alipita African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, akatwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 2015, na Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani. Baadaye akaenda Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akavaa jezi ya Aston Villa ya Uingereza. Visiwani wanaye Feisal Salum, aliyetoka JKU akavuka bahari mwaka 2018 na kuwa jina la kila kijiwe. Na Sumbawanga yenyewe ililiona jambo hilo kwa macho yake: katika msimu wa 2020/21 Tanzania Prisons iliufanya Uwanja wa Nelson Mandela kuwa uwanja wake wa nyumbani, na Oktoba 2020 Simba, waliokuwa mabingwa wa nchi, walifungwa pale bao moja kwa bila. Mtoto aliyekuwa amepanda juu ya ukuta siku ile hahitaji kuhubiriwa habari za mpira. Na baba yake, aliyekuwa amesimama chini akimshika mguu asianguke, naye aliona.

Tumesikia watu wa mjini, wenye kalamu na wenye viti, wakiwalaumu wazazi hawa kwa neno moja tu: tamaa. Sisi hatukubaliani na lawama hiyo jumla jumla. Sababu zinazomfanya mzazi amtoe mtoto kwa mashindano ni nyingi, na zimesukana kama ukindu wa mkeka.

Iko sababu ya umaskini, nayo haifichiki. Mkulima anayevuna magunia arobaini ya mahindi kisha akayauza kwa bei inayopangwa na mwenye lori, kwa kuwa hana pa kuyahifadhi, anajua kwamba shamba halitamtoa mwanawe katika hali ile. Ameshawapeleka wakubwa wawili sekondari. Mmoja amemaliza kidato cha nne na amerudi nyumbani, anaendesha bodaboda. Ada ilifutwa mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 hadi cha sita, na hilo ni jema kubwa la Serikali. Lakini mzazi hapimi elimu kwa ada peke yake. Anaipima kwa kile alichokiona kinamtokea aliyeipata. Akilinganisha vijana elfu wenye vyeti wanaozunguka na bahasha, na kijana mmoja wa mpira anayejengea wazazi nyumba ya bati na vioo, macho yake humpeleka kwa yule mmoja. Hesabu yake ina kosa, maana hawaoni wale elfu wa mpira walioumia goti wakarudi kimya kimya. Mwenye cheti asiye na kazi yuko mtaani kila siku anaonekana. Mchezaji aliyeshindwa hana sare ya kumtambulisha.

Iko pia sababu ambayo maofisa wetu huisahau: wazazi wengine huutumia mpira kama mlango wa shule. Zipo shule nchini zilizopokea vijana kwa sababu ya vipaji vyao na kuwapa nafasi ya kusoma. Makongo ya Dar es Salaam ilijipatia sifa kwa njia hiyo miaka ya 1990, na Alliance ya Mwanza imekuwa mfano wa karibu zaidi, hata klabu yake ikapanda Ligi Kuu mwaka 2018. Mzazi wa Nkasi anayemtafutia mtoto nafasi katika shule kama hizo si adui wa elimu. Anaitafuta elimu kwa miguu ya mtoto kwa kuwa hana fedha za kuitafuta kwa mfuko wake.

Ziko sababu za moyoni vilevile. Baba aliyekuwa winga hodari wa timu ya kijiji, akakosa nauli ya kwenda kujaribiwa mjini mwaka huo aliotakiwa, haachi kuikumbuka ile siku. Hamwambii mtu, lakini mtoto anapopiga chenga baba huiona chenga yake mwenyewe. Hapa pana mapenzi, na pana hatari pia, kwa sababu mtoto hubebeshwa deni ambalo hakulikopa. Tena iko fahari ya ukoo na ya kijiji: jina kusomwa redioni. Iko hofu ya mama, ambaye anajua kwamba kijana mwenye mazoezi jioni hatakuwa kwenye kijiwe cha gongo. Mama huyu hataki medali, anataka mwanawe alale mapema amechoka. Kama tungeulizwa ni sababu ipi kati ya zote hizi tunayoiheshimu zaidi, tungejibu bila kusita kwamba ni hii ya mama.

Shida huanza pale sababu ya mzazi inapogeuka kuwa amri kwa mtoto, na hasa pale inapojengwa juu ya mambo yasiyo ya kweli. Tuchukue riadha. Kumekuwa na imani kwamba kwa kuwa Sumbawanga imekaa juu, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, basi kila mtoto wa huko ni bingwa wa mbio ndefu anayesubiri viatu. Hewa nyepesi ya milimani husaidia, hilo halina ubishi. Lakini milima peke yake haijapata kumpa mtu medali. Watu hutaja Iten ya Kenya. Wanasahau kwamba umaarufu wa Iten haukushuka na mvua. Ulijengwa kwa sehemu kubwa katika shule ya sekondari, Mtakatifu Patriki, ambako Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alifika mwaka 1976 kuwa mwalimu, na kwa miongo mingi akawafundisha vijana mbio huku wakisoma. Mmoja wa aliowalea ni David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Baba yake Rudisha alikuwa katika kikosi cha Kenya cha kupokezana vijiti kilichopata medali ya fedha Mexico mwaka 1968, michezo ile ile ambayo John Stephen Akhwari wetu aliimaliza marathoni akichechemea na bandeji mguuni. Yaani kulikuwa na mwalimu, kulikuwa na darasa, na kulikuwa na mzazi anayeujua mchezo wenyewe. Pale ambapo mzazi ana mlima tu, tusimdanganye.

Na tuutazame mfano wetu wenyewe ulio mpya zaidi. Alphonce Simbu, mwana wa Singida, alipata medali ya shaba katika marathoni ya dunia London mwaka 2017, na Septemba 2025, kule Tokyo, akatwaa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, akimpita Mjerumani kwenye utepe kwa tofauti ya mia tatu za sekunde. Alikuwa na umri wa miaka 33. Mzazi anayemwona mwanawe ameshindwa kwa kuwa hakuchaguliwa timu ya wilaya akiwa darasa la sita na akumbuke umri huo.

Sasa tuseme neno ambalo huenda likawachoma wakubwa kuliko wazazi. Mkoa wa Rukwa, ghala la mahindi, umekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa yenye watoto wengi waliodumaa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano mkoani humo walikuwa wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa idadi imepungua, lakini bado ilikuwa takribani nusu, na ni Iringa na Njombe tu zilizokuwa na hali mbaya zaidi. Mtoto aliyelelewa kwa ugali mweupe na mboga za majani pekee, bila maharage ya kutosha, dagaa wala maziwa, huku maharage na dagaa wa Ziwa Tanganyika na wa Rukwa wakipakiwa malori kwenda mbali, huwa ameshaporwa sehemu ya kimo chake na ya akili yake kabla hajajua kupiga mpira. Madaktari wanatuambia kwamba udumavu hutokea hasa katika siku elfu moja za mwanzo wa uhai, tangu mimba hadi mwaka wa pili, na kwamba ukishapita ni vigumu kuurudisha nyuma. Kwa hiyo mzazi anayeuza gunia la maharage ili amnunulie mtoto wa miaka kumi na miwili njumu za kichina, huku mdogo wake anyonyaye hapati uji wenye lishe, anamfunga bao mwanawe wa kesho. Tunaliandika hili kwa uchungu, kwa kuwa mzazi huyo anafanya hivyo kwa mapenzi, na hakuna aliyekwenda kumwambia.

Jambo la umri nalo halina budi kusemwa waziwazi. Kijana anapofika kwenye mchujo na kuambiwa kwamba amezidi mwaka mmoja, mara nyingi cheti kipya cha kuzaliwa hupatikana haraka kuliko dawa ya malaria. Mzazi hushiriki, mwalimu hufumba macho, na ofisa aliyetaka mkoa wake ushinde hajui kitu. Nchi hii imekwisha kulipa gharama ya mchezo huo: Serengeti Boys walikuwa wamefuzu kwenda fainali za Afrika za vijana wa chini ya miaka 17 za mwaka 2005 nchini Gambia, wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri, na wenzao wote wasio na kosa wakabaki nyumbani. Tangu mwaka 2009 katika Kombe la Dunia la vijana hao mifupa ya kifundo cha mkono hupigwa picha kwa mashine, na karatasi ya ofisi ya kata haiwezi kubishana na mfupa. Lakini kuna dhulma ndogo zaidi inayotendeka kila mwaka katika viwanja vya kata na ambayo haifiki kwenye mashine yoyote. Kijana wa miaka kumi na sita aliyepungukiwa miaka mitatu kwenye karatasi humsukuma kando mtoto wa kweli wa miaka kumi na mitatu, ambaye pengine ndiye mwenye kipaji. Yule mkubwa ana misuli, huyu mdogo ana akili ya mpira. Mchaguzi mwenye haraka huchukua misuli. Mzazi aliyesema kweli kuhusu umri wa mwanawe hurudi nyumbani akijiona mjinga.

Wako vilevile watu wanaojiita mawakala. Hufika mjini na simu mbili na picha za wachezaji mashuhuri, huahidi majaribio ya Dar es Salaam, Afrika Kusini au Ulaya, na huomba fedha kidogo ya hati ya kusafiria. Mzazi ajue kwamba kanuni za Shirikisho la Soka la Dunia, FIFA, haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa hali chache mno, kama vile wazazi wenyewe wanapohamia huko kwa sababu zisizohusu mpira. Kwa hiyo anayemwahidi mkulima wa Mpui kwamba mwanawe wa miaka kumi na minne atasajiliwa Ulaya mwezi ujao ama haijui kanuni ama anaijua vizuri mno. Na mtoto aliye chini ya miaka 18 hana uwezo kisheria wa kufunga mkataba peke yake. Karatasi aliyotiwa saini gizani isimtishe mtu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwa upande wa Bara, na ile ya mwaka 2011 kwa upande wa Zanzibar, zote zinaweka mbele maslahi ya mtoto na kumpa haki ya kusikilizwa. Ni wazazi wangapi waliomuuliza mtoto swali la kawaida kabisa: wewe unataka?

Wakati huo huo iko fedha halali ambayo mikoa kama Rukwa inaiacha ipotee. Kanuni hizo hizo za FIFA zinasema kwamba mchezaji anapouzwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujamalizika, asilimia tano ya bei hugawanywa kwa vilabu vyote vilivyomlea tangu mwaka wa kutimiza miaka 12 hadi ule wa 23. Sehemu ya mwaka mmoja wa utotoni ni robo ya asilimia moja tu ya bei. Inaonekana ndogo, lakini robo ya asilimia ya shilingi bilioni moja ni milioni mbili na nusu, na kwa klabu ya kata hizo ni mipira, nyavu na chakula cha mwaka. Sharti ni kwamba klabu iwe imesajiliwa na mtoto awe ameandikwa kwa jina na umri wake wa kweli. Tazama basi ujanja wa kughushi unavyomrudia mwenyewe: mtoto aliyebadilishwa jina na tarehe amefutiwa historia yake, na klabu ya Kirando iliyomfundisha haitakuwa na ushahidi kwamba iliwahi kumwona.

Kuhusu wasichana tutasema machache, ingawa yangestahili tahariri yake. Timu ya Serengeti Girls ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022, baada ya kuifunga Ufaransa katika hatua ya makundi. Mwaka 2023 wasichana wa shule ya Fountain Gate ya Dodoma walitwaa ubingwa wa shule za Afrika kule Durban. Hata hivyo mzazi yule yule anayemsukuma mvulana uwanjani humvuta msichana jikoni, na si kila mara kwa ukorofi. Anaogopa safari za usiku, mabweni ya muda na watu wazima asiowajua. Hofu hiyo ni ya haki, na haiondolewi kwa hotuba. Huondolewa kwa mwalimu wa kike anayesafiri na timu, kwa bweni lenye mlango unaofungwa, na kwa ofisa anayechukua hatua siku ile ile anaposikia jambo, bila kungoja mashindano yaishe.

Tunarudi kwa viongozi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule ilisimamishwa kwa muda kwa hoja kwamba inawapotezea watoto masomo. Hatudhani taifa lilipata madaktari zaidi kwa uamuzi ule, na kwa hakika lilipoteza kizazi cha wachezaji. Kwa hiyo hatuombi mashindano yapunguzwe. Tunachoomba ni kwamba mchezo wa kawaida, wa kila mtoto na wa kila wiki, upewe nafasi kabla ya mashindano ya wachache. Shule nyingi zina kipindi cha michezo kwenye ratiba na hazina mpira stoo. Zipo ambazo kiwanja chake kimemegwa kwa viwanja vya nyumba na vibanda vya biashara, na waliotia saini karatasi za kumega wanajulikana. Mtoto asiyepata nafasi ya kucheza kwa furaha shuleni kwake ndiye ambaye mzazi wake anaona hana njia ila kumpeleka mbali, kwa mtu asiyemjua. Tukimpa kiwanja cha karibu, mwalimu aliyesomea michezo, na kikombe cha uji wenye maharage na karanga saa nne asubuhi, sehemu kubwa ya wafanyabiashara wa vipaji itakosa wateja.

Ndugu zetu wa Visiwani wana la kuangalia katika haya. Ligi zao za watoto na vijana, kwa madaraja ya umri, ni utaratibu wa miaka mingi ambao Bara ingefaa kuuiga. Lakini huko nako mtoto ana shule asubuhi, chuo cha Kurani alasiri, na kocha anamngoja jioni; na baba anayekaa kando ya kiwanja akipiga kelele kuliko mwamuzi hayuko Sumbawanga tu. Fainali za mashindano ya shule za Afrika zilipofanyika Zanzibar Mei 2024, wazazi wengi waliwaona watoto wa umri wa wanao wakishangiliwa na bara zima ndani ya Uwanja wa Amaan. Bila shaka maombi ya kujiunga na timu za mitaa yaliongezeka baada ya siku zile. Swali ni kama orodha hizo zina tarehe za kuzaliwa za kweli, na kama kuna mtu aliyeandika namba ya simu ya mzazi mbele ya kila jina.

Kwa upande wa Rukwa, mchujo ujao hauko mbali. Ofisi ya Elimu ya Mkoa ina uwezo wa kufanya jambo moja mwaka huu huu bila kungoja bajeti. Kabla ya basi la timu kuondoka Sumbawanga, wazazi waitwe, wakae pamoja na walimu na watoto wenyewe, waelezwe nani anakwenda, atalala wapi, atakula nini, akiumia nani atamtibu, na mtu akimfuata na mkataba wampigie nani. Mtoto asemwe mbele yao, na aulizwe. Yule atakayesema hataki kwenda, ashushwe mzigo wake na nafasi yake ipewe mwingine, na baba yake asionewe haya kijijini kwa sababu hiyo.